Laini ya Usiku kwenye Mashine ya Wafula

Kangemi, Jumamosi jioni

Mwanangu Ndinda,

Habari ziwafikie jamaa na marafiki wote popote walipo, hasa wale wa Eldoret, kwamba zipu ya begi lako la kijani imefariki dunia leo baada ya kuugua kwa muda mfupi. Marehemu alikuwa wa plastiki. Ameacha kishikio kimoja na meno ambayo hayaumani tena. Mazishi yamekwisha: nimelishona begi lote mdomo kwa uzi mweusi, kwa hiyo ukifika utatafuta wembe kabla ya kutafuta sweta.

Hayo ndiyo maagizo pekee utakayopata kwangu. Mambo ya dawa, ya baridi ya kule na ya kutokula mayai ya barabarani, shangazi yako ameyamaliza tangu asubuhi, na mengine ameyarudia. Mimi nina jambo moja. Nimekaa nalo mwaka mmoja na nusu, na ningeendelea kukaa nalo kimya kama si kwamba kesho unakwenda kulala katika nyumba ya Wafula.

Wafula unamjua. Ndiye aliyekufundisha baiskeli kwenye maegesho ya ofisi yetu Hurlingham, akikimbia nyuma yako Jumamosi huku tai yake imepeperukia begani. Unajua pia kwamba aliacha kazi kwetu akaenda Eldoret kusaidia duka la dawa za mifugo la kaka yake. Usichojua ni kwamba hakuacha. Alifutwa. Na aliyemfanya afutwe ni mimi.

Sasa nimelisema. Ukitaka kukunja barua hapa utazame dirishani, tazama. Mimi nitaendelea, maana nikisimama sitaanza tena.

Lazima nikurudishe nyuma kidogo. Mzee Kulwant aliponiajiri, miaka ya themanini, ofisi ilikuwa bado mjini, ghorofa ya pili, hatua chache kutoka River Road. Kazi yetu ilikuwa kupeleka watalii mbugani, na kazi yangu mimi ilikuwa swichibodi. Wewe umepata akili ukaikuta inakwenda zake, kwa hiyo unadhani opereta alikuwa mtu wa kusema "haloo" tu. Sikiliza. Dunia nzima ilijua nambari yetu moja. Ndani tulikuwa na simu kumi na nne. Mtu wa ndani akitaka kupiga nje, alipitia kwangu, na huko nje hawakujua kama aliyepiga ni mhasibu au ni mama wa chai: waliona kampuni tu. Jibu likirudi, mimi ndiye niliyekumbuka nani aliomba, nikalichomeka kwake. Nilikuwa na daftari la kurasa mia mbili lililoandikwa nani, wapi, saa ngapi. Nilikuwa pia na masikio, lakini hayo tuyaache.

Jioni, kabla hujachukua mkoba, uliweka laini ya usiku. Ndiyo desturi ya kazi. Unaichukua laini ya nje unaielekeza moja kwa moja kwenye simu moja ya ndani, ili ikilia na wewe haupo, ilie mezani kwa mtu. Kwetu ilikuwa meza ya Wafula. Alikuwa karani wa safari, na alikaa mpaka saa mbili usiku akingoja Wajerumani wamalize kuamua kama wanataka kuona tembo au bahari. Asubuhi, kitu cha kwanza kabla hata ya chai, uliiondoa. Miaka kumi na moja niliiweka na kuiondoa. Mkono wangu uliifanya wenyewe, kama unavyofunga kitufe cha shati.

Halafu tukahamia Hurlingham, na swichibodi ikabadilishwa na kisanduku cha ukutani chenye ukubwa wa kopo la biskuti. Mimi nikabaki na kiti. Ndipo intaneti ilipokuja. Mzee Kulwant, unamjua, ni mtu asiyetupa hata kalenda ya mwaka jana. Aliniita akasema, "Syombua, wewe najua laini. Hii pia ni laini tu."

Wafanyakazi walicheka wiki nzima. Lakini hakukosea sana.

Kampuni iliyotuuzia intaneti ilitupa anwani moja. Sisi tulikuwa watu kumi na wawili. Kwa hiyo ilitakiwa mashine ya kukaa mlangoni, iwapitishe wote kwa anwani hiyo moja, na wakati huohuo izuie wa nje wasiingie. Vijana wa kampuni hiyo waliiita fayawoli, wakataja bei, na Mzee Kulwant aliyekuwa amesimama akaketi. Kesho yake alinituma River Road nikatafute kitabu. Nilikipata: fotokopi, kimefungwa kwa waya, kurasa nne hazimo. Niliamua kurasa hizo hazikuwa na maana kwa kuwa sikuwa nimezisoma.

Nilijifunza kwa kamusi na kwa ukaidi. Nikachukua kompyuta ya zamani isiyo na kifuniko, nikaitia kadi mbili za mtandao, moja ikitazama barabarani na nyingine ikitutazama sisi. Nilipofika ukurasa wa kumi na saba nilicheka peke yangu stoo, kwa sababu ilikuwa kazi yangu imeandikwa pale: wafiche wote nyuma ya nambari moja, kumbuka nani aliomba, mrudishie jibu lake. Mtu alikuwa ameichukua swichibodi, akaiondolea masikio, akaifungia ndani ya bati.

Unakumbuka ulikuja likizo ukaniuliza mbona nasema "laini" kila mahali, na kwamba chuoni mwenu mhadhiri angenicheka. Ukakaa nami siku tatu. Siku ya tatu wewe ndiye uliyekuwa unaandika kanuni za nani apite na nani azuiwe, na mimi nachemsha chai. Nadhani hapo ndipo kazi hii ilikupata, na Jumatatu, huko Eldoret, watakukabidhi mlango wa chuo kizima. Kwa hiyo haya ninayokuambia si hadithi ya mama tu.

Unajua kanuni zinavyosomwa: kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayofuatwa. Zilizo chini yake hazisomwi. Unaweza kuwa na makatazo arobaini mazuri, yenye kukaa mstari kama watoto wa shule, lakini ukiweka ruhusa moja juu yao, yote yamekuwa mapambo.

Mimi niliiweka hiyo ruhusa.

Ilikuwa hivi. Barua pepe zilikuwa na tabia ya kukwama Jumapili. Mzee Kulwant alimtuma dereva mpaka kanisani kwetu, akanitoa katikati ya wimbo, nikapelekwa Hurlingham kubonyeza kitu kimoja na kurudi. Mara ya tatu nikachoka. Westlands palikuwa na duka la kompyuta za kukodi, njia yangu ya kurudi nyumbani. Nikawaza, kama ningeweza kuingia ofisini nikiwa pale, ningebonyeza hicho kitu kimoja kabla ya ibada na hakuna atakayenitoa kwenye wimbo. Na mkono ukafanya ulichozoea. Niliweka laini ya usiku. Niliandika kanuni kwamba anayebisha kutoka nje kwenye mlango fulani apelekwe moja kwa moja kwenye mashine ya Wafula. Kwa nini yake? Kwa sababu haikuzimwa kamwe. Na kwa sababu laini ya usiku ilikuwa yake siku zote.

Niliiweka juu kabisa ili kuijaribu. Ilikubali. Nilifurahi kama mtu aliyejichongea ufunguo wa pili wa nyumba yake mwenyewe. Sikuandika popote kwamba ipo. Nilijiambia ni ya muda.

Niliyoyasahau ni machache. Laini ya usiku ya simu ina asubuhi yake. Unaingia, unaondoa, siku inaanza. Kwenye mashine hakuna asubuhi. Hakuna chai, hakuna mkoba wa kutundika, hakuna kitu cha kuukumbusha mkono. Kanuni ile ilikaa miezi mitano, na kwa miezi hiyo yote mashine ya Wafula ilikuwa imekaa barabarani, uso wazi, naye ameketi mbele yake akiandikia Wajerumani habari za tembo. Ukiweka kitu cha muda, Ndinda, andika pembeni jina lako na siku ya kukiondoa. Sikuambii kama mwalimu. Nakuambia kwa kuwa nilipoisoma kanuni ile baada ya miezi mitano, kwa nusu dakika nzima sikumjua aliyeiweka.

Jumatatu moja tulikuta laini imekatwa. Kijana wa kampuni ya intaneti alipiga simu akisema anwani yetu imetuma maelfu ya barua za takataka, za dawa za nguvu za kiume na nini sijui, siku mbili mfululizo, na baadhi zimemfikia wakala wetu wa Ujerumani, yule aliyetuletea karibu nusu ya wageni. Wakala alikuwa ameandika kwa faksi, maneno mafupi. Mzee Kulwant aliikunja ile faksi mara nne akaniita.

Kutoka nje, unajua, sote ni mtu mmoja. Anayejua ni nani hasa ni mashine ya mlangoni peke yake, na aliyeweza kuisoma ni mimi peke yangu. Nilikwenda stoo. Rekodi haikunisumbua hata kidogo. Barua zote zilitoka kwenye mashine ya Wafula. Kisha nikafungua orodha ya kanuni ili nione mtu wa nje aliyezituma aliingiaje, na pale juu kabisa nikaikuta laini yangu ya usiku.

Nimejaribu sana kukumbuka nilichowaza. Nakumbuka nilichofanya. Niliifuta. Haikuchukua dakika. Niliifuta kwanza, halafu nikaenda kusema. Kama ningekwenda kusema kwanza, hata kwa kigugumizi, leo ningekuwa nakuandikia habari za sweta.

Mzee Kulwant hakuuliza mengi. "Nani?"

"Zimetoka kwenye mashine ya Wafula."

"Iko hakika?"

"Rekodi inasema hivyo, Mzee."

Na rekodi ilisema hivyo. Hapo ndipo penye uchafu wote. Sikusema neno hata moja la uongo. Utakuta hili kazini kwako: karatasi itakwambia mashine ipi, haitakwambia mtu gani, wala nani aliyeuacha mlango wazi. Lakini ukiishika mkononi watu watakuamini, kwa sababu wao hawawezi kuisoma, na wanaona haya kukuuliza.

Wafula hakubisha alipoambiwa amefutwa. Ningependa angebisha. Alikuja stoo, akasimama pale kwenye nyaya, akasema, "Mama Ndinda, wewe ndiye unayezijua hizi mashine. Niambie tu, niligusa nini?"

Nikamwambia labda alifungua kitu bila kujua.

Alikwenda mezani kwake, akakaa mchana kutwa, akaandika orodha ya kila kitu alichogusa wiki ile. Kurasa tatu, kwa mwandiko wake ule wa kulala. Ijumaa saa nne nilifungua barua ya yule mama wa Kiholanzi. Ijumaa saa tano nilichapisha orodha ya magari, karatasi ikakwama, nikaivuta. Akaandika mpaka siku aliyomwaga chai karibu na kibodi, kwamba aliipangusa mara moja kwa leso yake. Akatia sahihi chini, akaniletea, akaniomba nimtafutie kosa lake liko wapi ili asilirudie kazi nyingine.

Alhamisi aliondoka. Nilimsaidia kubeba boksi mpaka barabarani. Pale kituoni, Argwings Kodhek Road, magari yakipita, akanishika mkono akasema, "Asante kwa kunitetea kwa Mzee." Sikuwa nimemtetea. Nikasema, "Si kitu."

Unaweza kuniuliza kwa nini. Baba yako alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia, na wewe ulikuwa umebakiza mihula miwili chuoni. Ningeweza kukuambia nilifanya kwa ajili yako. Nimejaribu kuisema hivyo mbele ya kioo na haikai. Ukweli ni mdogo kuliko huo. Niliona aibu. Watu walikuwa wameacha kucheka. Vijana wa kampuni ya intaneti walikuwa wameanza kunipigia kuniuliza mimi mambo. Nilikuwa opereta wa simu aliyejenga ukuta kwa kitabu kisicho na kurasa nne, na sikutaka mtu ajue kwamba nilikuwa nimeutoboa mwenyewe kwa sababu ya wimbo wa kanisani. Mzee Kulwant hangenifuta, nadhani. Angenikaripia, angesema habari za karo yako, angenirudisha kwenye kiti. Nilimpoteza Wafula ili nisikaripiwe.

Tangu hapo mwaka mmoja na nusu umepita, na ile mashine haijawahi kupenywa tena. Nimeilinda kama mtu aliyerukwa na akili. Kila kanuni ina jina na tarehe. Wageni wakija, Mzee Kulwant huwaonyesha mlango wa stoo na kusema huyu mama amejifunza peke yake. Mimi hutazama viatu vyangu.

Sasa wewe umepata kazi Eldoret, na shangazi yako, asiyejua lolote, akamwandikia Wafula kumwuliza kama kuna chumba cha kupanga karibu na chuo. Jibu lilikuja kwa mkono wa dereva wa basi siku ya tatu. Alisema mtoto wa Mama Ndinda hawezi kupanga mji ambao yeye yuko. Alisema mke wake amekwisha kuhamisha cherehani kutoka chumba cha nyuma. Alisema pia, mwisho kabisa, kwamba atafurahi kuwa na mtu wa kompyuta nyumbani, maana tangu yale ya Hurlingham hajagusa tena hizo mashine. Dukani wamenunua moja. Humwachia kijana wa kaka yake.

Nilisoma mstari huo mara nyingi kuliko nilivyosoma ukurasa wa kumi na saba.

Kwa hiyo niliamua usiondoke kabla sijawaambia wote wawili, wewe kwa barua na yeye kwa mdomo wangu. Zile kurasa zake tatu ninazo bado. Hazimo kwenye begi, usizitafute. Nilitaka kuzitia, kisha nikaona ningekuwa nakutuma wewe ukanifanyie kazi yangu, na kitu cha namna hiyo nimekwisha kukifanya mara moja maishani. Kesho jioni ukimkuta anakungoja kwenye stendi ya basi, msalimie kama kawaida. Usimwambie chochote. Lakini akikuuliza, usimfiche, hata kama ni mimi utakayenianika. Na usipomkuta stendi, usimngoje wala usimkasirikie. Nyuma ya soko kuna nyumba ya wageni ya kanisa. Nimekuandikia jina lake nyuma ya bahasha. Chumba utakitafuta baadaye, nami nitakuja tukitafute pamoja.

Huenda unataka kujua alisema nini. Nitakueleza ilivyokuwa.

Sikutaka kupiga kutoka ofisini. Opereta wa zamani hapigi simu ya maana kutoka ofisini. Tunajua ni nani hukaa katikati. Leo baada ya kazi, saa nane u nusu mchana, nikaenda kwenye kibanda cha simu kilicho karibu na bucha, na sarafu zangu zimefungwa kwenye leso. Nikapiga dukani kwa kaka yake, akapokea mwenyewe. Nikaanza na salamu kama inavyotakiwa: za nyumbani, za mama watoto, za goti la mama yake, za mvua, za mahindi. Naye akauliza zangu moja baada ya nyingine, akauliza za Mzee Kulwant, akauliza kama bado unaendesha baiskeli kwa mkono mmoja. Tulicheka. Halafu nikafumba macho, nikasema, "Wafula, kuna jambo kuhusu ile mashine yako."

Nikamwambia. Nilianza mwanzo, kwenye wimbo wa kanisani, nikaenda mpaka kituoni tulipoagana. Nilimweleza laini ya usiku na kwamba niliifuta kabla ya kusema. Nilimwambia kwenye zile kurasa tatu hapakuwa na kosa hata moja, wala ile chai. Sijawahi kusema kitu kirefu hivyo bila kukatizwa. Nilipomaliza alikuwa kimya. Nikadhani amekasirika, nikangoja. Nikadhani analia, nikazidi kungoja, nikamwambia sina haraka.

Kulikuwa na mwanamume nyuma yangu kwenye foleni, na gazeti chini ya kwapa. Akanigusa bega kwa adabu.

"Mama, hiyo simu ilikatika kitambo. Ulikuwa unaongea na nani?"

Sarafu zilikuwa zimekwisha. Miaka kumi na moja kwenye swichibodi, na sikuisikia laini ikifa. Sijui ilikatika kwenye neno gani. Yawezekana alisikia yote. Yawezekana alisikia mahindi na goti tu, na kesho anakuja stendi na baiskeli ya mtoto wake ili akuonyeshe.

Nilivuka barabara kutafuta chenji. Niliporudi nikapiga tena, simu ikaita mpaka ikakatika yenyewe. Jumamosi wanafunga duka saa tisa.

Mama yako,
Syombua